Uko wapi? Majibu ya maswali yenu kuhusu simu za ambulansi

Mwezi uliopita niliwaomba mniandikie chochote mnachotaka kujua kuhusu simu za dharura, ile ya kupiga ukaomba gari la wagonjwa, nikidhani nitapata maswali matano sita hivi. Jamani mmeniletea mzigo. Wengine mmeandika kwa hasira, wengine kwa uchungu maana mlimpoteza mtu njiani, na nimeyasoma yote, kila nikitoka zamu nasoma kidogo. Kwa ambao hatujuani, mimi ni nesi, nimekaa kwenye kiti cha kupokea simu za 115, namba ya kuombea gari la wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, huku Dodoma, kanda ya kati, na kuna kitu kimoja kinarudi karibu kwenye kila ujumbe: watu wanaamini maswali yetu ndo yanachelewesha gari. Basi tuanzie hapohapo.

Sista shikamoo. Mi nipo Kizota. Shemeji yangu mjamzito alizidiwa usiku nikapiga 115, dada aliyepokea akaanza uko wapi, mtaa gani, anapumua vizuri, mimba ina miezi mingapi, damu imeanza saa ngapi. Nikamwambia dada tuma gari kwanza hayo mengine baadae, yeye anaendelea tu kuuliza. Kwa nini mnahoji watu kama polisi wakati mtu anakufa?

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana kwa usiku ule.

Naomba unielewe hapa, maana ningekuwa na nafasi ya kuwaambia Watanzania jambo moja tu kuhusu hii kazi ningewaambia hili: kuuliza na kutafuta gari vinakwenda pamoja. Kwenye vituo vikubwa vya nchi nyingine watu wanakuwa wawili kabisa, mmoja yupo na wewe kwenye hedifoni anauliza na kuandika, mwingine anasoma kwenye skrini yake kila kinachoandikwa na anatafuta gari muda huohuo, wewe hata humsikii. Kwenye kituo kidogo mtu mmoja anaweza kubeba yote mawili lakini hata huyo anaandika huku anakusikiliza, na akishajua mgonjwa yuko wapi na yuko katika hali gani anakuwa na kitu cha kumwambia dereva. Maswali yanayofuata baada ya hapo ni ya kukusaidia wewe uliyesimama pembeni ya mgonjwa, na ya kuiambia hospitali ijiandae, sio ya kuamua kama tuje au tusije.

Sasa angalia yanavyopangwa. La kwanza ni uko wapi, na namba yako ya simu. Watu linawakera, wanasema mbona hajauliza hata mgonjwa ana nini. Ni hivi, simu ikikatika baada ya mimi kujua ulipo gari linaweza kuja hata kama sijui tatizo ni nini, ila ikikatika kabla, hata ungekuwa umeshanieleza ugonjwa wote toka mwanzo hadi mwisho, mi sina pa kulituma. Na zinakatika. Chaji inaisha, mtandao unapotea, mtu anaingiwa na taharuki anaidondosha simu anakimbilia chumbani.

Alafu yanakuja mawili mafupi: yupo macho, anakujibu ukimwita? anapumua kawaida? Hayo mawili ndo yanayopasua njia. Kama hajitambui na hapumui vizuri hakuna tena swali la miezi wala la kadi ya kliniki, kazi inabadilika hapohapo. Kama anaongea na anapumua, hapo tuna sekunde za kuuliza yale mengine.

Na yale mengine yana sababu yake. Nikikuuliza damu ni nyingi kiasi gani, kila mtu ananijibu "nyingi sana sista". Kwa hiyo sikuulizi hivyo. Nakuuliza khanga ngapi zimelowa. Akisema moja kwenye pindo naelewa, akisema tatu na ya nne ipo chini yake nakuwa nimeelewa kabisa tupo wapi, kwa sababu mama anayetokwa damu sana baada ya kujifungua anaweza kuondoka ndani ya saa mbili asipopata msaada, na hizo saa hazianzi ulipopiga simu, zinahesabiwa tangu damu ilipoanza. Ndo maana dada wa watu alikuuliza imeanza saa ngapi. Alikuwa anahesabu muda uliobaki.

Nikuulize kichwa kinamuuma? anaona giza au maluweluwe? amevimba uso na mikono? hapo natafuta kifafa cha mimba kabla hakijaanza, na ukiniambia tayari anatingishika nitakwambia mlaze ubavu wa kushoto, ondoa vitu vya kumuumiza pembeni, na tafadhali sana usimwekee kijiko mdomoni. Hicho kijiko sijui kimetoka wapi lakini nyumba nyingi kipo.

Kwa hiyo ukiulizwa jibu kwa kifupi, usibishane. Kubishana ndo kunakula dakika.

Shikamoo sista, naandika toka Bahi. Zikiingia simu mbili kwa pamoja na gari lipo moja, mnaamuaje nani aende? Ni aliyepiga wa kwanza? Huku kwetu watu wanasema ukiwa na mtu unayemjua ndani ndo unapata.

Marahaba mwanangu. Aliyepiga wa kwanza, hapana. Hii sio foleni ya maji.

Kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao ni jambo la zamani, linatajwa sana kwa jina la Dominique Jean Larrey, daktari wa jeshi la Napoleon kule Ufaransa, ambaye alitaka majeruhi watibiwe kwa ukubwa wa jeraha bila kuangalia cheo, askari wa kawaida aliyeumia vibaya atangulie mbele ya mkubwa aliyekwaruzwa. Zaidi ya miaka 200 imepita na bado tunafanya hilohilo, tofauti ni kwamba yeye aliwaona kwa macho, sisi tunasikia sauti tu. Kufanya kwa kusikia ndo kulihitaji utaratibu wa kuandikwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 daktari mmoja Mmarekani, Jeff Clawson, akiwa Salt Lake City aliandika kadi za maswali ili kila mpokea simu aulize kitu kilekile kwa mpangilio uleule, maana mwanzoni mtu aliuliza kile kilichomjia kichwani. Mfumo uliozaliwa na kadi zile unatumika nchi nyingi na unampa kila mgonjwa daraja kwa herufi za kimataifa, Alpha kwa hali nyepesi, unapanda Bravo, Charlie, Delta, mpaka Echo ambayo ni mtu aliyeacha kupumua au anayekaribia hapo.

Uingereza tangu 2017 wana makundi manne. Kundi la kwanza, hali ya kukata roho, lengo ni kumfikia kwa wastani wa dakika 7. La pili, kiharusi kwa mfano au maumivu ya kifua, dakika 18. La tatu wagonjwa 9 kati ya 10 wafikiwe ndani ya dakika 120, la nne ndani ya 180. Ulisikia hiyo? Saa tatu. Nchi yenye lami mpaka mlangoni na ambulansi nyingi bado inamwambia mgonjwa mwingine subiri, na haimdharau, inamwachia gari yule ambaye hawezi kusubiri. Na hata hayo malengo yao huwa yanawashinda mara nyingi, hasa kipindi cha baridi.

Sasa kwetu. Nikiwa na mama wa uchungu wa kwanza, chupa haijapasuka, uchungu unakuja kila baada ya dakika 15, na mwingine amejifungua lakini kondo la nyuma halijatoka na damu inaendelea, gari linakwenda kwa wa pili hata kama wa kwanza alipiga nusu saa kabla. Yule wa kwanza simwachi hivihivi, natafuta usafiri mwingine, nampigia tena baada ya muda mfupi kuuliza kama kuna mabadiliko, maana hali inageuka, aliyekuwa mwepesi saa nne anaweza kuwa mzito saa tano. Ukiona hali imebadilika usisubiri upigiwe, piga wewe.

Kuhusu kujuana, sitakudanganya kwamba binadamu hawana upendeleo. Lakini faida kubwa ya maswali yaleyale kwa kila mtu ni hiyo, kwamba majibu yanaandikwa na kesho mtu anaweza kuyasoma na kuuliza kwa nini huyu alitangulia. Mtoto wa mkubwa na mtoto wa muuza mihogo pale Majengo wote wanaulizwa anapumua au hapumui.

Mi dereva bodaboda Kibaigwa. Nasikia kuna madereva wanalipwa kubeba wajawazito, ni kweli au maneno? Na sisi wa pikipiki tunaingiaje?

Ni kweli. Mfumo wa m-mama, huo wa namba 115, ulianza kwa majaribio Kanda ya Ziwa, mwaka 2022 ukazinduliwa kitaifa hapahapa Dodoma. Wazo lake ni rahisi na mi nalipenda: ambulansi haiwezi kuwepo kila kijiji lakini mtu mwenye gari yupo karibu kila mahali. Kwa hiyo madereva wa kawaida wanaandikishwa, wanapewa mafunzo, na ambulansi isipokuwepo karibu anapigiwa dereva wa jamii. Akimfikisha mama na kituo kikithibitisha amefika, nauli inaingia kwenye simu ya dereva. Familia hailipi. Narudia kwa herufi kubwa, FAMILIA HAILIPI, dereva akikuomba hela ya mafuta usiku ule we piga 115 uwaambie.

Ukiwa na gari ulizia halmashauri yako au kituo cha afya wakuelekeze kujiandikisha. Pikipiki kumbeba mama anayetokwa damu kwenye barabara ya vumbi sikushauri, atadondoka, akizimia nani atamshika? Lakini nina kazi nyingine kwa ajili yako na haina malipo: gari likitoka Dodoma mjini au Kongwa saa nane usiku kuja kitongojini kwenu, dereva hajui njia ya kuingilia. We nenda kasimame pale barabara kuu, washa taa na indiketa, lipokee gari uliongoze mpaka mlangoni. Huko kuzungukazunguka gizani kutafuta nyumba ndo kunakomaliza muda, nakwambia ukweli, kuliko hata safari yenyewe.

Sista mi nakaa Nkuhungu, nyumba zetu zimebanana na mitaa haina alama. Nikiulizwa uko wapi nasema nini?

Anza na kile kibao. Tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zina namba na barabara nyingi zina jina, nenda sasa hivi ukaisome ya kwako uiandike ndani kwenye ukuta karibu na mlango, kwa chaki hata kwa mkaa, kwa sababu usiku wa taharuki hutaikumbuka na mtoto wa miaka 10 ndiye anaweza kuwa anapiga simu. Kama hakuna kibao taja kata, mtaa, alafu kitu ambacho mgeni atakiona usiku: minara ya msikiti, kanisa, shule, kituo cha mafuta, mashine ya kusaga. Sio "kwa mzee nani alipokuwa anakaa zamani". Niliwahi kuelekezwa kwenye mbuyu, dereva akauzunguka mtaa ule mara tatu haoni mbuyu, mwisho ikajulikana mbuyu wenyewe ulikatwa siku nyingi, wenyeji tu ndo bado wanaita pale mbuyuni. Kwa hiyo taja kinachoonekana leo.

Na wa vijijini kipindi cha mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili, taja na korongo. Hili nimejifunza kwa kosa langu mwenyewe, acha niwaambie.

Ilikuwa Februari, usiku, mvua kubwa. Mama mkwe mmoja kanipigia, mkwe wake ana uchungu mkali, kijiji nakijua, gari lipo, dereva mzuri. Nikauliza yote niliyotakiwa kuuliza. Sikuuliza nyumba ipo upande gani wa korongo. Dereva ananipigia baada ya dakika 40, sista nimefika, taa za nyumba naziona kule ng'ambo, lakini maji yanapita hapa kati na sithubutu. Kuzunguka ilikuwa zaidi ya saa nzima. Nikarudi kwa yule bibi, namsikia mkwe analia na kusukuma, nikamuuliza unaona nini, akasema naona nywele.

Basi tukazalisha, mi na yeye, simu kaiweka laudspika juu ya kigoda. Nikamwambia nawa mikono kwa sabuni. Usimvute mtoto, acha aje mwenyewe, we shika tu kichwa asidondoke. Andaa khanga mbili kavu, moja ya kumfuta moja ya kumfunika. Akatoka. Kimya. Nikasema mfute, msugue mgongo kwa ile khanga, sugua, sugua kwa nguvu kidogo. Huku kwenye hedifoni nasikia mvua kwenye bati tu na bibi anahema. Sijui zilikuwa sekunde ngapi. Alafu akalia yule mtoto, sauti nyembamba, na bibi akaanza kulia na yeye. Nikamwambia bado hatujamaliza mama, mlaze kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, wafunike wote wawili, kitovu usikate wala usikivute, acha kama kilivyo mpaka gari lifike. Gari lilifika. Wote wapo.

Lakini swali lile moja nililosahau lingewapeleka hospitali mapema. Tangu siku hiyo mvua ikinyesha nauliza njia kabla sijauliza kitu kingine, na nikisikia umeniambia "ng'ambo ya korongo" naanza kutafuta dereva wa ng'ambo hiyo.

Mwanafunzi UDOM hapa. Nilisoma kwamba mpokea simu anaweza kukwambia umminye mtu kifua. Me naogopa, nikimvunja mbavu je? Na nitajuaje kama moyo umesimama kweli na sio amezimia tu?

Swali zuri sana, na nakuomba uwasomee na wenzako bwenini.

Hatutegemei upime mapigo, hata wenye uzoefu wanakosea. Tunaangalia vitu viwili tu vilevile: hajitambui hata ukimtingisha na kumwita, na hapumui kawaida. Hilo neno kawaida ndo lenye mtego. Mtu ambaye moyo umesimama anaweza kwa dakika kadhaa za mwanzo kuvuta pumzi moja moja za ghafla, anatweta kama samaki aliyetolewa majini, au anakoroma. Nduguze wananiambia "anapumua sista, anakoroma". Hapo nasema sogeza simu mdomoni kwake, uniambie "sasa" kila anapovuta. Sasa... kimya kirefu... sasa. Hiyo sio pumzi ya mtu aliyelala. Hiyo ndo saa ya kuanza kuminya.

Mlaze chali sakafuni, sio kitandani maana godoro linabonyea. Kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, mikono inyooke, bonyeza kwa nguvu kifua kishuke kama sentimita 5, isizidi 6, kisha kiachie kirudi juu kabisa. Kasi ni mara 100 mpaka 120 kwa dakika, yaani karibu mbili kila sekunde, na mi nitakuwa nahesabu na wewe kwa sauti. Ukichoka mbadilishane, kila baada ya dakika mbili hivi.

Ubavu unaweza kuvunjika, ndio. Ubavu unaunga. Kwa kila dakika moyo ukiwa umesimama na hakuna anayeminya, nafasi ya kupona inapungua kwa asilimia 7 mpaka 10, fanya hesabu mwenyewe gari linatoka wapi mpaka hapo ulipo. Kama kumbe alizimia tu, utamminya mara mbili tatu atakusukuma mkono, umeacha, basi. Kosa la kumminya asiyehitaji ni dogo mno ukilinganisha na kosa la kusimama unaangalia.

Naandika toka Chemba. Ndugu yangu aliumwa na nyoka shambani nikapiga 115 nikaambiwa hiyo sio ya nyoka. Sasa sisi wengine tupige wapi?

Pole sana kaka. 115 imewekwa kwa ajili ya mama mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya siku 42, na mtoto mchanga mpaka siku 28. Ajali ya barabarani au uhalifu ni polisi 112. Moto, mtu kanasa kwenye gari au katumbukia kisimani, zimamoto na uokoaji 114. Mi binafsi natamani tuwe na namba moja ya kila kitu, nalisema hilo popote nikipewa nafasi, kwa sababu mtu mwenye taharuki hawezi kuchagua kati ya namba tatu. Mpaka hapo, fanya hivi: nenda kituo cha afya kilicho karibu na kwenu ukiwa mzima, omba namba ya zamu, isevu kwenye simu kwa jina linaloanza na herufi A ikae juu kabisa.

Kwa nyoka, mguu usitembee, ufunge kwenye ubao au fimbo kama unavyofunga uliovunjika, vua pete, bangili na viatu maana patavimba, usichanje, usinyonye, usikaze kamba. Alafu mtafutie usafiri uende hospitali, usianzie kwa mganga. Na usimfukuze nyoka ili umlete, tutakuwa na wagonjwa wawili.

Sista simu yangu haina salio mara nyingi. Nabipu?

Usibipu, 115 ni bure, haikati hata shilingi. Na wale mnaowaachia watoto simu wachezee, wakipiga na kucheka wakakata, ile dakika laini ilikuwa imeshikwa.

Mwanangu, mimi ni mzee wa Mpwapwa. Tulimpeleka binti yangu, simu ikapokelewa vizuri, tukaambiwa gari linakuja ila tuanze kumsogeza barabarani tukutane nalo. Nilikasirika sana. Nikaona wanatukwepa. Naomba unieleze.

Shikamoo baba. Na ahsante kwa kuandika maana najua wengi walikasirika hivyohivyo wakanyamaza.

Sikuwepo kwenye simu ile siwezi kuisemea, ila naweza kukueleza hesabu yake. Gari likiwa mbali, likaja mpaka kwako alafu likarudi, mgonjwa anasubiri kwenda na kurudi. Mkimsogeza kwa usafiri wowote wenye usalama mkakutana katikati, mnaokoa karibu nusu ya muda huo. Hatusemi hivyo kwa kila mgonjwa. Aliyezimia, anayetingishika, mtoto anayetoka, hao hatuwasogezi bila mtu wa kujua. Lakini mama anayejitambua, damu kidogo, na kuna jirani mwenye gari, mara nyingi kumsogeza ndo kumsaidia. Kosa ambalo tunalifanya sisi, na nalikiri, ni kutoa amri bila sababu. Ilitakiwa uambiwe, baba gari lipo umbali huu, mkifika pale njia panda mtakuwa mmepunguza dakika hizi. Hapo usingeona unakwepwa. Nimelisoma swali lako mbele ya wenzangu wa zamu, kwa idhini yako uliyoandika, na tumekubaliana sababu isemwe kila mara.

Binti yako na mjukuu nawasalimia.

Bibi yangu hajui Kiswahili vizuri, anaongea Kigogo, na mchana anakaa na mdogo wangu mjamzito peke yao. Akipiga yeye ataeleweka?

Apige. Asiogope hata kidogo. Huku kwetu mpokea simu anaweza kukutana na Kigogo, Kirangi, Kisandawe kwa siku moja, na karibu kila zamu kuna mtu anayejua moja wapo au anajua wa kumwita. Mwenzangu mmoja, Mgogo wa kuzaliwa, siku moja alipokea simu ya bibi aliyekuwa anapiga kelele tu, hakuna neno lililoeleweka. Akamwambia kwa upole "Mbukwenyi". Bibi akanyamaza. Salamu ni salamu, hata moto ukiwaka lazima uiitikie, akaitikia, na kwenye kuitikia pumzi ikamrudia, akaanza kueleza nani anaumwa na tangu lini. Sisi wengine tukabaki tunamwangalia mwenzetu anaandika.

Mfundishe bibi vitu vitatu kwa Kiswahili, jina la kijiji, jina la kitongoji, na neno mimba. Namba mwandikie kubwa kwenye karatasi, 1 1 5, ibandike pale anapoweka simu yake kuchaji, na mjaribishe kuzibonyeza mbele yako simu ikiwa imezimwa, mpaka kidole kizoee.